Kiwanja cha Ndege cha Mafia, Julai 1915: Namna ya Kukijenga Upya Ndani ya Simuleta

Kabla hujagusa Mafia, ruka kwanza nyumbani. Washa simuleta yako ya ndege, iwe FlightGear, X-Plane au Microsoft Flight Simulator, weka ndege ndogo juu ya Nangwa saa moja asubuhi, kisha uzunguke Mlima Hanang taratibu. Wewe uliyekulia chini ya mlima huu huhitaji kuambiwa na mtu kwamba kuna kitu hakiko sawa. Kilele kimelainishwa, kingo kali unazozijua zimekuwa mviringo kama chungu kilichopitishwa mkono kikiwa kibichi. Ziwa Balangida limejaa maji ya buluu mwaka mzima, ilhali kiangazi unaliona likiwa uwanda mweupe wa chumvi. Nyumba zetu zimeezekwa vigae vyekundu vya Ulaya, na bati halionekani.

Chukua daftari uandike kila kosa ulilolitambua, kisha jiulize limetoka wapi. Mlima umelainishwa kwa sababu ramani ya miinuko unayoitumia huenda inatokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Kingo nyembamba kuliko hapo hupotea. Ziwa limejaa kwa sababu aliyelichora alichora mpaka mmoja tu, wala hakuuliza ni mwezi gani. Vigae vimekuja kwa sababu programu hupanda nyumba yenyewe kutoka kwenye ghala lake la sampuli. Makosa haya matatu utayakuta tena kisiwani, ila kule hutakuwa na macho ya mwenyeji ya kukusaidia kuyaona. Ndiyo maana nasisitiza uanzie hapa.

Lipo na la nne, nalo ni zito. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Hanang hadi Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kusomba nyumba zao. Ukifungua simuleta yenye picha za setilaiti zilizopigwa kabla ya siku hiyo, nyumba zile bado zimesimama. Mtu wa mbali hataona kitu. Sisi tunaona watu. Tangu hapo nimeshika jambo moja kuhusu ramani yoyote ya kurukia: kila picha ina tarehe yake, na mjenzi asiyeitaja tarehe hiyo amemficha mtazamaji kitu. Ukijenga kiwanja cha vita, hujengi mahali tu. Unajenga siku.

Sasa twende Mafia. Kwa nini Mafia, wakati walimwengu wanajenga Guadalcanal na Tinian? Kwa sababu Mafia ni ya kwetu, na kwa sababu ndiko Vita vya Mjerumani vilikoifanya ndege iamue hatima ya manowari. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja na kuizamisha, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo mizinga ya meli za baharini haikufika. Mwezi Novemba rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Durban pamoja na ndege yake ya majini aina ya Curtiss, aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, mbele ya pwani ya kaskazini-magharibi ya Mafia, akaiona meli kule ndani. Desemba ndege yake ikashuka ndani ya delta, akatekwa. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia yenyewe, wakashuka upande wa Kisimani, na Wajerumani wachache waliokuwa Ngombeni wakasalimu amri.

Zikaja ndege nyingine za majini mwezi Februari, aina ya Sopwith. Hizo zilishindwa na joto: hazikuweza kupanda na mzigo wa mabomu, na gundi iliyoshika mbao za propela ikaachia. Aprili zikaja za aina ya Short, zenye mabawa ya kukunja, nazo zikapiga picha za Königsberg lakini zikihangaika kupata urefu. Ndipo mwezi Juni zikaletwa ndege za magurudumu, mbili aina ya Henri Farman na mbili aina ya Caudron, na kiwanja kikasafishwa kisiwani ili ziruke kutoka nchi kavu. Kiwanja hicho ndicho unachotaka kukijenga.

Na usidhani hadithi hii haiihusu Nangwa. Baada ya Königsberg kuzama, Wajerumani waliifungua mizinga yake kumi ya milimita 105 na kuiburuta nchi kavu. Mwaka 1916 mizinga ya meli hiyo ilikuwa ikiwapiga Waingereza Kondoa, mji ambao kwa ndege ukitoka Nangwa hujamaliza hata kikombe cha chai umeshafika. Vita vya Mafia na Rufiji vilifika hadi mlangoni kwetu.

Hatua ya kwanza ya kazi, basi, ni kuchagua siku. Mimi nakushauri Jumapili ya tarehe 11 Julai 1915. Mara ya kwanza, tarehe 6 Julai, manowari mbili za Kiingereza zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikapigana kutwa bila kumaliza kazi. Tarehe 11 zilirudi. Angani alikuwapo Cull, kamanda wa marubani wale, pamoja na mwangalizi wake Arnold, ndani ya Farman, wakipeleka kwa simu ya upepo masahihisho ya kila kombora: mbele kidogo, kulia kidogo. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa, na walipokuwa wakiteremka bila injini Arnold aliendelea kupeleka masahihisho hadi wakatua majini, wakaokolewa na Mersey. Königsberg ikateketea siku hiyo hiyo.

Ukishaishika tarehe, maswali yote ya ramani hupata majibu yake. Tuanze na bahari, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Katika toleo langu la kwanza niliweka maji ya Mlango wa Mafia katika kina kimoja tu, kama bwawa. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Mafia aliyekuwa akifundisha huku kwetu aliitazama skrini kwa muda mrefu, akaniuliza: "Mdogo wangu, hapa ni bamvua au maji mafu?" Sikuwa na jibu. Swali lake lilinipeleka kuhesabu mwezi. Mwezi mpya ulizaliwa tarehe 12 Julai 1915. Kwa hiyo tarehe 6 ilikuwa siku za maji mafu, wakati bahari haipandi wala haishuki sana, na tarehe 11 bamvua ilikuwa imeshaanza: maji yanajaa hadi mizizi ya mikoko izame, kisha yanakupwa na kuacha tope na matumbawe wazi kwa umbali mrefu. Hesabu hiyo hiyo inakuambia jambo jingine. Ramadhani ya mwaka 1333 Hijria iliandama siku mbili tatu tu baada ya mapigano. Watu wa Mafia walikuwa wakiumaliza Shaabani, wakiandaa mwezi mtukufu huku ndege zikiunguruma juu ya minazi yao. Hilo huwezi kulichora, lakini ukilijua hutathubutu kuacha vijiji vitupu.

Katika simuleta nyingi mstari wa pwani hausogei. Fanya hivi: chora ufuo wa maji kujaa kama mpaka wa bahari, kisha nje yake weka tabaka la tope na mchanga lenye maji ya kina kifupi. Ukitaka saa ya kupwa, andaa faili la pili. Usijaribu kuzibeba saa zote mbili kwenye faili moja.

Halafu upepo. Julai ni kusi. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, unasukuma mashua kwenda kaskazini, na hewa ni ya baridi kidogo kuliko Februari ya kaskazi, mwezi ule ambao gundi ya Sopwith iliachia. Weka nyuzi 25 au 26 asubuhi na mawingu ya rasharasha, usiweke jua kali la matangazo ya utalii. Mrushaji aliyezoea Nangwa, tulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, atahisi tofauti mara moja: kwenye usawa wa bahari hewa ni nzito na ndege ile ile hupaa mapema zaidi. Jaribu mara mbili, hapa na kule, kwa ndege moja na mzigo mmoja, ukihesabu sekunde. Joto nalo huifanya hewa iwe nyepesi, kwa hiyo baada ya hapo utaelewa kwa mwili wako liliwafanya nini wale wa Februari.

Upepo ndio unaoamua sura ya kiwanja. Mwaka 1915 hapakuwa na njia ndefu moja ya kurukia. Kiwanja kilikuwa eneo la wazi, na rubani aliielekeza ndege kule upepo unakotoka. Ukichora ukanda mmoja wa lami wenye namba nyeupe mwanzoni, umeshajenga karne nyingine. Kiwanja cha leo cha Kilindoni kina lami iliyowekwa kwa fedha za mradi wa Marekani wa MCC, ni kizuri, na kinawahudumia watu wa Mafia. Kwenye ramani ya 1915 kinatakiwa kufutwa chote, na jengo la abiria, na uzio, na barabara inayokwenda mjini. Mahali pa kiwanja cha vita utapatafuta upande wa magharibi unaotazama delta, jirani na ghuba ya Tireni walikotia nanga Waingereza, kwa kulinganisha ripoti na picha.

Kwa wanaotumia X-Plane au FlightGear, faili la viwanja ni la muundo mmoja, na programu ya bure ya World Editor inalihariri. Chagua uso namba 3, yaani majani. Taa weka sifuri, alama za rangi ondoa zote. Programu ikikudai lazima iwe na njia ya kurukia ili ndege nyingine zijue pa kutua, weka njia mbili zinazokatana kwa uso namba 15, usioonekana, halafu chini yake tandaza majani yako kwa umbo la kiwanja kizima. Kingo zisiwe za rula. Palipokatwa minazi pana visiki na mashimo, na pembeni pana magogo.

Minazi yenyewe inastahili siku nzima ya kazi yako. Mafia ilikuwa kisiwa cha minazi, na mnazi uliokomaa hupita mita 20. Kwa Farman, ndege ya kamba na mabomba ya chuma isiyofika kilomita 120 kwa saa, ukuta wa minazi mwishoni mwa kiwanja ni suala la kufa na kupona. Ukiweka kichaka kifupi cha kawaida cha simuleta, umemwondolea rubani hofu yake yote. Panda mmoja mmoja au tumia sampuli yenye urefu wa kweli, na acha nafasi ya mita nane au tisa kati ya mnazi na mnazi kama mashambani, usirundike kama msitu.

Minazi pia imeiharibu ramani yako ya miinuko bila wewe kujua. Rada ya mwaka 2000 haikufika ardhini kila mahali. Penye miti minene ilirudi kutoka kati ya majani. Katika Hanang kosa la mita kumi halionekani, mlima una mita 3,400 na zaidi. Kwa Mafia, ambayo haizidi sana mita 50 hata palipoinuka zaidi, mita kumi ni kilima cha uongo katikati ya kiwanja. Kipande unachokihitaji kinaitwa S08E039. Kifungue kwenye QGIS, programu ya ramani isiyouzwa, tafuta vinundu vyenye umbo la shamba la minazi, uvisawazishe kwa kutumia sehemu za wazi za jirani. Hiyo ni kazi ya uvumilivu. Mtu asikudanganye kwamba kuna kitufe chake.

Kuhusu bando: usipakue dunia nzima. FlightGear hugawa nchi kwa vipande vya digrii moja kwa moja, na Hanang na Mafia zote zimo katika fungu kubwa moja, e030s10. Mafia ni e039s08, Nangwa ni e035s05. Pakua vipande hivyo ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, weka kwenye flashi, kazi iliyobaki utaifanya bila intaneti. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kwa FlightGear na QGIS.

Ramani za zamani zitakusaidia, ila zisome kwa jicho la wasiwasi. Oscar Baumann alikipima kisiwa mwaka 1895 na kuchapisha kazi yake mwaka uliofuata. Ramani ya Deutsch-Ostafrika ya Sprigade na Moisel ni ya kipimo cha 1 kwa 300,000. Kwa kipimo hicho milimita moja ni mita 300, yaani kiwanja chako chote ni alama ya ncha ya kalamu. Itakupa vijiji na njia za miguu, haitakupa kingo za kiwanja. Ramani za bahari za Uingereza huhesabu kina kwa pima na urefu wa nchi kwa futi, geuza kabla hujaingiza. Imperial War Museum ya London ina picha za kampeni hii, na nyaraka za jeshi la wanamaji ziko Kew katika mafungu ya ADM na AIR. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina mafaili ya utawala wa Mjerumani. Andika barua, omba nakala, taja tarehe na mahali. Ombi fupi lenye tarehe hujibiwa vizuri kuliko hadithi ndefu.

Ukiipachika ramani ya zamani juu ya ramani ya leo unahitaji nukta zisizohama. Hapa ndipo Mafia inapomtega mgeni. Ras Kisimani inaonekana nukta safi kabisa, rasi iliyochongoka, nawe utaipenda. Lakini bahari imekuwa ikiila rasi hiyo. Magofu mengi ya mji wa kale wa Kisimani yamekwenda na maji. Ukiifunga ramani yako hapo, kisiwa kizima kitasogea. Tumia magofu ya Kua kisiwani Juani, yaliyojengwa kwa mawe na bado yamesimama, na majengo ya kale ya Chole, palipokuwa makao ya Wajerumani kabla hawajahamia Kilindoni.

Delta ya Rufiji nayo imehama. Maji mengi ya mto leo yanapita matawi ya kaskazini, na sehemu za mikoko zimegeuzwa mashamba ya mpunga. Picha ya setilaiti ya leo itakuonyesha majaruba ya kijani mahali ambapo mwaka 1915 palikuwa na mikoko mizito ya kuifichia manowari yenye urefu wa zaidi ya mita 110. Ni kosa lile lile ambalo ungelifanya ukiijenga Hanang ya 1915 na kuacha mashamba makubwa ya ngano ya Basotu na Mulbadaw, ile mistatili inayoonekana hata kutoka angani juu sana. Yalikuja miongo mingi baadaye kwa msaada wa Kanada. Rudisha mikoko. Usijali ikiifanya kompyuta iwe nzito kidogo, kwa sababu mikoko ndiyo sababu ya ndege kuja.

Majina andika kama wenyeji wanavyotamka: Nyororo, si Niororo ya ramani za Kiingereza, Tireni, Ngombeni, Jibondo, Chole. Nyumba ziezekwe makuti. Ufukweni weka ngalawa, mashua na madau, na uziweke kulingana na maji: kwenye kupwa zimelala ubavu. Mabanda ya chuma ya ndege yaliyomo kwenye ghala la simuleta yaache, ni ya Vita vya Pili au baadaye. Ukitaka kuijenga vita hiyo ya pili ya pwani yetu, kumbuka kwamba kiwanja chake kilikuwa maji: ndege za Catalina za kikosi cha 259 zilikuwa Kipevu, Mombasa, na tangu 1943 Dar es Salaam, zikiwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Hapo utajenga maboya, gati na boti za mafuta, wala hutatafuta majani.

Watengenezaji wa visiwa vya Pasifiki wamepitia tatizo hili hili, na inafaa kujifunza kwao. Kiwanja cha Henderson, Guadalcanal, kilianzishwa na Wajapani, kikatekwa na Wamarekani mwanzoni mwa Agosti 1942, na ndege zao za kwanza za kivita zikatua tarehe 20 mwezi huo, kwenye udongo na changarawe. Ramani nyingi humwonyesha rubani mikeka ya chuma iliyotandazwa baadaye. Kaskazini mwa Tinian ya Agosti 1945 kuna njia nne ndefu sambamba za kurushia B-29. Mwaka mmoja kabla, kisiwa ndiyo kwanza kimetekwa. Ukiona ramani ya kisiwa cha vita isiyotaja mwezi, anza na shaka.

Ukimaliza, ijaribu kwa saa. Kutoka Mafia hadi ilipokuwa Königsberg ni kama kilomita 45 hadi 50. Kwa mwendo wa Farman unatakiwa utumie nusu saa na ushee, nyingi yake juu ya maji matupu, ukiwa umekaa mbele bila kioo, kusi ikikupiga ubavu wa kushoto. Ukifika kwa dakika kumi, umekosea ndege. Ukiiona meli ukiwa bado juu ya Mlango wa Mafia, mikoko yako ni mifupi.

Pamoja na ramani weka faili la maandishi, kwa Kiswahili. Taja tarehe uliyoijenga na saa ya maji. Gawa vitu vyako mafungu mawili: hivi nimevikuta katika picha au nyaraka, hivi nimevikadiria kwa kufuata desturi ya wakati huo. Mrushaji ana haki ya kujua mnazi upi ni wa ushahidi na upi ni wa makadirio. Kisha, kabla hujamgawia mtu mwingine yeyote, mtumie mtu wa Kilindoni flashi au faili kwa simu. Mwombe aruke chini, ufukweni, bila haraka. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize wapi amepotea.